Aliyesimama Mlangoni

Kabla sijafika kwenye jambo lenyewe naanza na mwiba wa samaki, maana ndio unaonijia kila nikisikia harufu ya mgebuka akichomwa kwa jirani. Nilikuwa mdogo sana. Niliiba mkia wa mgebuka kwenye chungu cha mama, nikaenda kuula nimejificha nyuma ya kihenge, nikila haraka haraka kama paka. Mwiba ukalala kooni mkingamo. Mama akanimezesha tonge la ugali wa ulezi bila kutafuna, haukushuka. Bibi mzaa baba akasema nipigwe mgongoni. Nikapigwa mpaka nikatapika, mwiba palepale. Mate yakaanza kutoka na damu. Bibi alikuwa ameshashika rozari, na mimi nilichokuwa nawaza ni kwamba nikifa watajua niliiba.

Kumbe mwenye samaki mwenyewe alikuwa bado hajaondoka kijijini. Mzee Kasimu alikuwa mtu wa ziwani, anapanda mlima na baiskeli yake ameisukuma, matenga ya samaki mawili nyuma, anafika kwetu upande wa Kate anabadilishana na maharage na ulezi. Siku zote alilala kwetu, kwenye chumba cha nje, kwa sababu baba ndiye aliyemkaribisha mara ya kwanza siku aliyonyeshewa mvua ya mawe. Akaitwa. Akaniweka magotini, akasema, "Fungua mdomo, mama, kama unataka kumeza mwezi." Akaingiza vidole viwili. Sikusikia kitu. Vidole vimetulia kama koleo la mhunzi, vikaingia, vikatoka, na mwiba uko katikati yake. Akaniangalia, akauangalia mwiba, akasema, "Huu wa mkia. Aliyekupa mkia ni nani?" Watu wote wakacheka, mama akanifinya paja. Tangu siku hiyo Mzee Kasimu hakuniita tena kwa jina langu, Kristina. Aliniita Binti Mwiba.

Nimeanza na huo mwiba kwa sababu ya vile vidole. Nataka mjue kwamba vilikuwa vimetulia.

Sasa nije nyumbani kwetu. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka namna tulivyofundishwa kuamkia: unachuchumaa, unakutanisha viganja, unapiga makofi taratibu, viganja vimetengeneza shimo ili sauti iwe nzito, isiwe ya kupasua. Sio salamu za siku hizi, mjukuu anapita anasema "shikamoo" huku anaangalia simu, miguu haijasimama. Ungepita mbele ya mzee bila kuchuchumaa na kupiga makofi, bibi angekuita urudi uanze upya, hata kama una ndoo ya maji kichwani. Kwa hiyo mimi kwenye akili yangu mkono unaocheza cheza mbele ya tumbo ulikuwa na maana moja tu: mtu anaamkiwa.

Ndipo mkono wa kulia wa baba ukaanza. Kwanza kidole gumba na cha shahada, kama anayesugua punje ya ulezi kuona kama imekauka. Halafu mkono wote. Akikaa ametulia unatetemeka. Akishika jembe unatulia kidogo. Uso wake nao ukalala. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka, ana pengo hapa mbele, lakini pole pole uso ukawa kama wa mtu aliyekasirika na hasemi sababu. Nilikuwa nawaza ni ule mkia wa samaki, hajanisamehe. Mama akaniambia, "Hajakasirika. Uso umechoka." Sikuelewa uso unachokaje.

Halafu kikaja kitu cha mlango. Baba anatoka ndani asubuhi, anafika kwenye kizingiti, anasimama. Miguu imegandiana chini kama imepigwa misumari. Kichwa kinataka kwenda, kifua kinakwenda, miguu haiendi. Anasimama hivyo mpaka jasho linamtoka na kule kwetu asubuhi ya mwezi wa sita ni baridi ya kukata masikio. Na mkono unacheza mbele ya tumbo. Mimi nimekaa jikoni naota moto, naona. Nikajua, kama mtoto anavyojua vitu: mlangoni pamesimama mtu. Sisi hatumwoni, baba anamwona. Ni mkubwa kuliko baba, maana baba hawezi kumpita, inabidi amwamkie kwanza, na yeye ana maringo, hapishi mpaka aamkiwe sana. Hata siku moja nilikwenda pale kizingitini nikachuchumaa na mimi nikapiga makofi, nikasema, "Mpishe baba yangu." Baba akapita! Sasa mtoto akishaona hivyo utamwambia nini?

Sikumwambia mtu. Hiyo ilikuwa siri yangu nzuri.

Mzee Kasimu alikuwa amepotea misimu miwili. Siku aliyorudi alikuja na baiskeli lakini matenga hayana kitu, na amevaa koti kubwa la kijeshi, mkono wa kushoto ameutia mfukoni. Akamkuta baba yuko mlangoni amegandia. Mama alikuwa anamvuta mkono, anamwambia, "Baba Kristina, njoo basi, uji unapoa." Unapomvuta ndiyo kabisa, anakaribia kuanguka. Mzee Kasimu akaegemeza baiskeli ukutani, akasimama anamtazama muda mrefu.

"Na wewe," akasema.

"Na mimi nini?" Sauti ya baba ilikuwa imeshaanza kuwa ndogo, unamsogelea ndipo unasikia.

Mzee Kasimu akatoa mkono mfukoni. Ulikuwa unatetemeka kuliko wa baba. Vile vidole! Nilitamani aurudishe mfukoni. Akasema, "Wenzangu wamenishusha kwenye mtumbwi. Wanasema mtu anayetetemeka anafukuza samaki. Mke wangu amerudi kwao. Shemeji, mwachie huyo, usimvute." Mama akamwachia. Mzee Kasimu akaokota kijiti cha kuni, akakiweka chini mbele ya vidole vya miguu ya baba. "Usifikirie mlango. Vuka kijiti."

Baba akainua mguu, akavuka. Akatoka mpaka uani kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Mama alikaa chini akalia. Mimi sikulia, mimi nilishangaa kwamba na Mzee Kasimu anamjua yule mtu wa mlangoni, na anajua vizuri kuliko baba namna ya kumpita.

Akabaki. Alikaa chumba cha nje, na wale wazee wawili wakawa kama mtu mmoja mzima. Mkono mbovu wa baba ulikuwa wa kulia, wa Mzee Kasimu wa kushoto. Basi kufunga vifungo vya shati, huyu anashika tundu, huyu anapitisha kifungo. Kufunga kamba ya mbuzi, kila mtu ncha moja. Niliwaona wanapukuchua mahindi wameshika gunzi moja. Bakuli la uji lilikuwa linamwagika, wakatafuta mrija kama ule wa kunywea pombe, wakaweka kibuyu chini katikati, wakawa wanavuta togwa vichwa vimegusana. Mzee Kasimu alikuwa Mwislamu, pombe hagusi, na baba naye akaiacha ili wanywe kitu kimoja.

"Nyie wa huku juu ugali wenu mweusi kama udongo wa kaburi," Mzee Kasimu alikuwa anasema.

"Na bado unakula mpaka unalamba sufuria," baba anajibu. "Mtu ananuka dagaa, hata nzi wa Kate wamemjua jina."

"Cheka basi, kaka."

"Nacheka."

"Uso haujasikia, uambie tena."

Walicheka kwa tumbo tu, mabega yanapanda na kushuka, nyuso zimelala. Mtu asiyejua angedhani wanalia.

Kijiti kilikuwa cha mlangoni. Njiani, na hata mlangoni kijiti kikishindwa, walikuwa na kitu kingine. Mmoja akigandia, mwenzake anasimama pembeni anampigia makofi, yale yale ya kwetu, mazito, pa, pa, pa, na miguu ya aliyegandia inafuata. Baba ndiye aliyegundua, nadhani. Shambani hawakuhitaji hata makofi: baba akifika kwenye matuta ya mahindi anayavuka moja moja kama kijana, kwa sababu kila tuta ni kama kijiti. Na Mzee Kasimu, ambaye hatua kumi za njia tambarare zinamshinda, ukimpandisha kwenye baiskeli anakwenda! Anazunguka kijiji anapiga kengele. Mimi niliona ni ajabu nzuri. Watu wazima waliona vingine.

Hapa nisimame kidogo niseme habari ya sasa, maana ndiyo iliyonifanya nichukue daftari. Mkono wangu mimi mwenyewe umeanza, huu wa kulia. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wangu ulisifiwa. Sasa naanza mstari na herufi kubwa, nikifika mwisho zimekuwa kama mayai ya chawa. Mjukuu akanipeleka mjini Sumbawanga, nesi akalitaja jina la ugonjwa, Pakinsoni, akasema kila wiki kuna watu wanakutana, niende. Tuko sita kwenye kachumba. Kuna mzee mmoja wa Pito, zamani alikuwa dereva wa lori, siku ya kwanza tu aliniona nimeshika kikombe akasema, "Bibi, una bahati, chai yako inajikoroga yenyewe." Nikacheka mpaka nikaimwaga. Halafu nesi akabandika utepe mweupe sakafuni, mistari mistari, akasema, "Mkikwama, msifikirie kutembea, vukeni mstari." Na akaanza kugonga meza kwa kiganja, pa, pa, pa. Wenzangu wote wakavuka. Mimi nilikaa chini kama mama alivyokaa siku ile. Nesi akadhani nimeanguka. Ningemwambia nini? Kwamba hilo somo lake nililiona nikiwa na miaka minane, na waliolivumbua niliwapoteza mimi kwa mdomo wangu?

Ilikuwa hivi. Msimu ule watoto walikufa kijijini. Ilikuwa surua, sasa najua, lakini wakati ule walikuwa wanazikwa tu. Mama Skola, jirani yetu wa chini, alizika wawili wiki moja. Ninyi mnajua kwetu kifo cha mtoto hakiachwi kiende peke yake, kinatafutiwa mtu. Mimi nilikwenda kisimani, nikawakuta wanawake. Mama Skola alikuwa amekaa kwenye jiwe, ndoo yake imeshajaa, hasimami. Akaniuliza taratibu, kwa sauti nzuri kabisa, "Mwanangu, hivi baba yako na yule mtu wa ziwani, kila asubuhi wanafanya nini pale mlangoni? Napita naona wanapiga makofi, hakuna mtu."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza kitu akasubiri jibu. Wanawake wote walikuwa wananitazama mimi. Nikatua kata yangu chini. Nikasema, "Wanamwamkia mtu. Anasimama mlangoni. Nyie hamumwoni. Wakimpigia makofi anapisha."

"Ni mtu gani?"

"Mkubwa. Amekuja nyumbani siku nyingi." Na kwa kuwa waliendelea kunitazama, nikaongeza, Mungu anisamehe, nikaongeza kwa kupenda kusikilizwa: "Mzee Kasimu ndiye anayemjua zaidi."

Mama Skola alisimama, akaacha ndoo yake imejaa pale pale, akaondoka. Sikuwahi kuona mtu akiacha ndoo ya maji kisimani.

Kesho yake tukaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa mtu mwema, niseme ukweli, alimsimamia mtoto mmoja wa baba kwenye ubatizo. Lakini uwanja wake ulikuwa umejaa watu mpaka kwenye zizi, na mtu mwema peke yake kwenye uwanja uliojaa hana nguvu kubwa. Baba na Mzee Kasimu walikalishwa kwenye gogo. Mama alisimama nyuma yao, kanga ameing'ata. Mikono yote miwili ilikuwa inatetemeka, na watu walikuwa wanaitazama hiyo mikono, si nyuso.

Mtu mmoja akasema, "Kutembea hawezi, baiskeli anapanda. Nielezeni mimi mjinga. Miguu gani hiyo inayochagua?"

Mwingine akasema, "Na huyu, njiani anabebwa, shambani anaruka matuta."

"Alikuwa mmoja. Alipokuja huyu wa pili ndipo watoto wetu wakaanza."

Balozi akasema, "Baba Kristina, sema mwenyewe."

Baba akafungua mdomo. Alisema. Mimi nilikuwa karibu, niliona midomo inakwenda, anaeleza habari ya kijiti, habari ya miguu, anaeleza vizuri tu. Lakini sauti ilikuwa imeshakwisha, haikufika hata kwa balozi. Na uso haukuonyesha kitu. Kwa watu wale alikuwa mtu anayenong'ona maneno asiyotaka yasikike.

"Ananuiza!" mwanamke akapiga kelele, na uwanja wote ukarudi nyuma.

Ndipo wakaniita mimi. Balozi akachuchumaa akanishika mabega. "Usiogope, mama. Ulichosema kisimani, ni kweli?"

Nilimtazama baba. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku zote, wa hasira, na mimi bado nilikuwa naamini ni hasira ya mkia wa samaki. Ningesema uongo ningekuwa mwizi na mwongo. Na katika katekisimu tulikuwa tumefundishwa kusema kweli. Nikasema, "Ndiyo. Anasimama mlangoni. Wanampigia makofi."

Mama akanitazama. Sijasahau, na kumbukeni mama yangu aliishi baada ya hapo miaka mingi na tulikula chungu kimoja.

Mtu mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Baba alijaribu kusimama, akashindwa, miguu imegandia. Mzee Kasimu yeye alisimama mara moja. Siku nyingine miguu yake ilikuwa inamtii kwa hasira. Akasema kwa sauti, na sauti yake ilikuwa bado ipo, "Mtoto amesema kweli. Anayesimama mlangoni ni wangu. Nilikuja naye kutoka ziwani. Huyu mwenye nyumba hamjui, amenikaribisha tu kwa upole wake, na yule wangu amemshika mkono. Nikiondoka, naondoka naye."

Baba akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini kichwa nacho siku hizo kilikuwa kinatikisika chenyewe, hakuna aliyekijali.

"Unakubali?" balozi akauliza. Nadhani alikuwa anamwomba asikubali.

"Nimekubali. Mwacheni kaka yangu alime."

Aliyekuwa na jiwe akalitupa chini. Mngeona namna uwanja mzima ulivyopumua, nilisikia ile pumzi. Balozi akasema aondoke mchana ule ule. Mama Skola alikuwa amekaa chini anatazama udongo. Amekwishakufa, na mimi sina neno naye. Alikuwa amezika wawili.

Baba aliishi misimu mitatu baada ya hapo. Niseme hili hapa, nisiliache mwisho. Hakuna aliyempigia makofi tena, mama alikataza, aliogopa jirani wasikie. Kijiti mlangoni tulikiondoa. Kwa hiyo baba akaacha kutoka. Akawa anakaa ndani, shati halina vifungo, na siku za mwisho alikuwa amekauka mwili mzima kama ngozi iliyoachwa juani, tunamgeuza kama gogo, chakula hakishuki. Mrija tulikuwa nao, lakini alikuwa hataki kunywa peke yake. Baiskeli ya Mzee Kasimu ilibaki imeegemea ukuta wa chumba cha nje mpaka matairi yakaoza na kuku wakawa wanalala juu ya usukani.

Mchana ule aliofukuzwa, Mzee Kasimu alikuja kuchukua koti lake. Watu walitufuata, wakasimama mbali, nje ya ua. Mzee Kasimu akaivaa kanzu yake ya Ijumaa, koti juu. Kifungo cha juu kikamshinda. Baba akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akashika tundu. Mzee Kasimu akapitisha kifungo. Alipoiangalia baiskeli nilidhani ataipanda, lakini akasema, "Hii ibaki, kaka. Kama miguu yako ni kama yangu, itakubeba." Halafu akaniona mimi nyuma ya mlango wa jiko. Nilitaka aniite mwongo, aniite mchawi, chochote. Akasema, "Binti Mwiba, kaa vizuri na baba yako."

Akageuka kuondoka. Kwenye uwazi wa ua, pale panapopita ng'ombe, akagandia.

Watu wote wanatazama. Kifua kinakwenda, miguu haiendi. Mtu mmoja nje akasema, "Mnaona? Yule wake amekataa kuondoka naye." Mwingine akainama chini tena, kama anatafuta kitu.

Baba alikuwa amekaa kibarazani. Akakutanisha viganja vyake, akatengeneza lile shimo. Akapiga. Pa. Pa. Pa. Makofi mazito, ya heshima, yale unayompigia mtu mkubwa. Mikono yake ilipokuwa inapiga haikutetemeka hata kidogo. Watu nje ya ua walirudi nyuma na wengine wakainamisha vichwa. Walidhani anamuaga yule wa mlangoni. Na mimi nikatazama kwenye uwazi wa ua, nikatazama kwa macho yangu yote, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba pale hapakuwa na mtu. Palikuwa na miguu ya Mzee Kasimu tu. Mguu wa kulia ukainuka. Ukafuata wa kushoto.

Akatoka. Akapita katikati yao, wakampisha. Akashika njia ya kwenda mlimani, ile inayoteremka mpaka ziwani, mkono wa kushoto mfukoni, hatua kwa kofi, kofi kwa hatua. Akapita kwa Mama Skola, akapita kisima, akawa mdogo kama kuku, na baba bado anapiga, hata pale ambapo hakuna sikio la mtu lingeweza kusikia. Hakugeuka nyuma, na hakurudi tena.